Ubuntu inakubali nywila, halafu inakurudisha mlangoni

Mkuu, kwa ulivyoeleza, nywila yako ya Ubuntu (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) haina shida. Ingekuwa umekosea ungeambiwa papo hapo. Yako inakubaliwa, skrini inakuwa nyeusi kidogo, kisha unajikuta tena pale pa kuingilia.

Yalinikuta haya hapa Mikindani, kwenye steshenari yangu, msimu wa korosho, wanaosubiri kopi wamejaa mpaka barazani. Fundi mmoja wa mjini akasema tupige Windows. Na faili za wateja? "Hizo ndiyo basi tena." Nikamwambia asante kaka, tuache kwanza.

Ukiwa pale pale pa kuingilia, bonyeza Ctrl+Alt+F3. Inakuja skrini ya maandishi matupu. Weka jina la mtumiaji, kisha nywila (hutaona hata nyota moja ukiandika, usishtuke). Ikikuingiza, akaunti ni nzima, kinachogoma ni upande wa madirisha. Andika:

ls -l ~/.Xauthority

Mimi nilikuta "root root" (root ni msimamizi mkuu wa mfumo) mahali pa jina langu kama mwenye kifaili. Madirisha yakiwaka kupitia Xorg (programu inayoyachora kwenye skrini), yanahitaji kukiandika kifaili hicho; kikiwa mali ya root, akaunti yako haikigusi, inatupwa nje. Kosa lilikuwa langu: usiku wake nilipiga sudo startx (kuwasha madirisha kwa mamlaka ya root), amri niliyoiokota mahali bila kuielewa. Dawa ni kukirudisha kwa jina lako:

sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority

Kisha sudo reboot, mashine ikawaka upya. Nikaingia, nikaendelea kutoa kopi. Kama kwako hakipo, usikitafute. Ubuntu za karibuni zinatumia Wayland, mbadala wa Xorg.

Hapo pitia df -h, inaonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski. Msimu uliofuata nilirudishwa mlangoni vile vile, kumbe diski imefika 100%, PDF za kuskani tupu. Mfumo ukikosa hata nafasi ya kuandika vifaili vyake vya muda, hauwezi kukufungulia. Nilipiga sudo apt clean (inafuta vifurushi vya programu vilivyopakuliwa), nikafuta skani za zamani, ikapona.

Ila ikiwa hata Ctrl+Alt+F3 inakukataa, angalia Caps Lock kwanza, mara nyingi ni huyo. Si yeye? Washa upya huku umeshika Shift (mashine nyingine ni Esc), chagua recovery mode (hali ya uokoaji), kisha root, halafu andika hizi, ya pili ndiyo ya kuweka nywila mpya (jinalako ni jina lako la mtumiaji):

mount -o remount,rw /
passwd jinalako

Ukishajaribu, niandikie ulichokiona kwenye ls na df. Na usimpe mtu aifute mashine kabla hujahamisha faili zako.