Nduguye babu alishukia Cardiff: sensa itamwonyesha?

SWALI: Nduguye babu yetu alikuwa baharia wa meli za moshi. Aliondoka Lamu kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, akashukia Cardiff, bandari ya Uingereza, na wazee wasema alioa huko. Barua zilikoma miaka ya 1930. Jina lake Athman bin Shee. Je, sensa za zamani zaweza kutuonyesha watoto wake?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Zaweza, lakini za Uingereza. Za Kenya hazitawafaa: karatasi za kila nyumba ni siri, kinachochapishwa ni jumla ya watu tu.

Anzeni na sensa ya tarehe 19 Juni 1921, iliyomo katika tovuti ya nasaba iitwayo Findmypast. Kutafuta ni bure, kufungua karatasi ni kwa malipo. Baada ya hiyo hakuna nyingine ya kutazama. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, ya 1941 haikufanywa kwa sababu ya vita, na ya 1951 ni siri hadi 2052.

Taabu kubwa ni jina. Karani wa Cardiff hakujua "bin" ni kitu gani. Athman wenu huenda kawa Osman au Ottoman, "Bin" likafanywa jina la ukoo, au Shee kawa Shea, mtu akamdhania Muairishi! Kwa hivyo jina liacheni wazi. Wekeni Cardiff, mwanamume, umri mkiuongeza na kuupunguza miaka 5, na mahali pa kuzaliwa. Hapo msing'ang'anie Lamu: jaribuni Zanzibar, maana mwambao ulikuwa wa Sultani, kisha Mombasa, B.E.A. (yaani British East Africa), Africa, hata Arabia. Mkipata nyumba ya kulaza mabaharia, someni majina yote ya karatasi ile.

Ikiwa usiku ule wa sensa alikuwa safarini mbali, hamtamkuta. Tafuteni basi kadi za mabaharia za 1918 hadi 1921, ziitwazo CR10, humo humo Findmypast. Nyingi zina picha yake mtu.

Karatasi ya 1921 yaonyesha umri wa watoto walio chini ya miaka 16. Mkishajua ukoo wa mke, ingieni FreeBMD, tovuti ya faharasa za vizazi, ndoa na vifo vya Uingereza, ambayo ni bure: tangu robo ya mwaka ya Julai hadi Septemba 1911 faharasa ya vizazi huonyesha pia jina la ukoo wa mama. Angalieni sana hapa. Nikaha peke yake haikuwa ndoa mbele ya sheria ya Uingereza, hivyo mtoto aweza kuandikwa kwa mamake tu, na majina mawili ya ukoo yakawa sawasawa.

Liko pia daftari la raia, si sensa, lililoandikwa Uingereza vita vilipoanza, tarehe 29 Septemba 1939. Lina tarehe za kuzaliwa na kazi, lakini halisemi mtu kazaliwa wapi. Faida yake ni mabinti: lilitumiwa miaka mingi baadaye, na msichana aliyeolewa aliandikiwa jina jipya juu ya lile la zamani. Kwa jina hilo ndipo mtawatafuta wajukuu.