Taa ya Injini Ikirudi Baada ya Kutengeneza Gari Mwenyewe, Anzia Pale Ulipogusa

Msomaji wa Jinja ameniandikia wiki hii: "Dada, nilibadilisha plagi za Noah yangu mwenyewe, nikasafisha na throto. Taa ya injini ikawaka. Nikachomoa betri, ikazimika. Sasa imerudi. Nimechoka, naipeleka gereji."

Usiipeleke bado, ndugu yangu. Mimi taa ya namna hiyo nimeimaliza mwezi uliopita kwa mikono yangu, baada ya gereji moja hapa Kampala kutaka kuniuzia sensa ambayo gari langu halikuihitaji.

Gari ni Premio. Nilikuwa nimebadilisha plagi na filta ya hewa uani kwangu, likawa linavuta vizuri. Kisha taa ya njano ikaanza kuwaka nikipanda Makindye. Likisimama huku injini inanguruma, hakuna kasoro: halimisi, yaani hakuna silinda inayokosa kuwaka, na halitetemeki. Nikaenda gereji nisomewe namba ya hitilafu tu. Fundi akachomeka mashine, akasoma P0171, na hapo hapo akataja bei ya sensa ya oksijeni. Nikamuuliza amejuaje kwamba ni sensa. Akanijibu mbele ya vijana wake: "Nnyabo, kazi hii ina wenyewe. Mngeacha kufungua injini msingepata shida hizi." Wakacheka. Jibu la swali langu sikupewa, na mpaka leo inaniuma, kwa sababu lilikuwa swali la haki na pesa zilikuwa zangu.

P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema hewa imezidi petroli. Sensa ya oksijeni imekaa kwenye ekzosi, inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi na kupeleka habari kwenye kompyuta. Ukiweka mpya italeta habari ile ile, kama chanzo kipo kwingine. Na vyanzo ni vingi: mpira uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, pampu ya petroli iliyochoka. Namba inakuonyesha mtaa, nyumba unaitafuta mwenyewe.

Nikanunua kifaa kidogo cha kusomea namba hizo kwenye simu. Tundu la gari kinapochomekwa lina pini 16, liko chini ya dashibodi upande wa dereva. Angalieni kabla ya kununua: baadhi ya magari ya soko la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana tundu hilo hilo lakini hayazungumzi na vifaa vya bei rahisi mpaka upate programu yenye mpangilio wake. Langu lilinisumbua hapo, sitawachosha.

Kilichoniokoa ni marekebisho ya petroli, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli ili mchanganyiko ukae sawa. Kwenye gari lisilo na hitilafu hucheza karibu na sifuri. Gari langu likiwa limesimama, asilimia hizo zilikuwa nzuri. Nikimwachia mdogo wangu asome simu huku napanda mlima, zinapita asilimia 20 za kuongeza. Hewa ya wizi inayoingia baada ya throto, ule mlango unaopitisha hewa kwenda kwenye injini, ingefanya kinyume: namba huharibika gari likiwa limesimama, hupungua ukikanyaga mafuta. Yangu iliharibika injini ikivuta tu. Kwa hiyo ama petroli haifiki ya kutosha, ama kuna kitu kinafunguka injini inapojivuta.

Nikarudi kwenye mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi la filta kwenda throto. Nikaukunjua mikunjo yake kwa vidole, mmoja mmoja, upande wa chini kwa tochi. Ufa ulikuwa hapo. Injini ikitulia unafumba, ikijivuta mlimani unafumbua, na hewa inaingia bila kupita kwenye sensa inayoihesabu. Mpira wa miaka mingi umekaushwa na joto, na ukiusogeza kutoa filta unakatika. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza Uganda magari yaliyozidi miaka 15 tangu yatengenezwe, lakini yaliyotangulia bado tunayaendesha na mipira yake ile ile.

Mpira niliupata soko la vipuri la Kisekka. Nikaufunga, na namba sikuifuta. Kwa kawaida hitilafu kama hii lazima ionekane katika safari mbili mfululizo ndipo taa iwake, na zipite safari tatu safi ndipo kompyuta iizime. Ndiyo maana ukichomoa betri unafurahi, halafu taa inarudi: hukutengeneza chochote, umeisahaulisha kompyuta tu, na kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea umeifuta nayo. Yangu ilizimika yenyewe. Nilipiga picha dashibodi.

Jamani, acheni kuchomoa betri. Acheni kununua sensa kwa kubahatisha, na acheni kunyamaza mbele ya fundi kwa sababu ana ovaroli na wewe huna. Muulize amepima nini. Anayejua kazi yake atakuonyesha, na wapo wengi Ndeeba na Katwe ambao watakuonyesha kwa furaha. Asiyetaka kuulizwa, chukua ufunguo wako uondoke.

Sasa wewe wa Jinja. Soma namba kwanza, iandike. Ikiwa P0301 hadi P0304, tarakimu ya mwisho ni silinda inayomisi. Hamisha koili ya silinda hiyo, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, kwenye silinda nyingine, endesha, soma tena. Namba ikihama na koili, koili ni mbovu. Isipohama, toa plagi ya silinda hiyo uitazame kama kauri imepasuka. Ikiwa P0171, kagua kila mpira uliousogeza ukisafisha throto, hata ule mwembamba wa kupumulia injini, na soketi ya sensa ya hewa kama imeingia mpaka ikalia. Ikiwa P0420, yaani katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, haifanyi kazi yake vizuri, chungulia chini ya gari kama ipo, maana wapo wanaoikata na kuiuza kwa ajili ya platinamu na paladiamu iliyomo.

Na taa ikianza kupepesa, usisubiri ufike nyumbani. Hapo injini inamisi kiasi cha kumwaga petroli mbichi kwenye katalisti na kuiunguza. Egesha, zima, uniandikie namba ukiwa pembeni mwa barabara.