Kisima hakifuti majitaka

SWALI: Kiwanda chetu kimechimba kisima kijijini na kutoa madawati shuleni, lakini wanakijiji bado wanalalamikia majitaka tunayomwaga mtoni. Je, hatujatimiza wajibu wetu kwa jamii?

JIBU: Bado. Wajibu wa kampuni unaanzia kwenye madhara inayoyasababisha yenyewe. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zilizoidhinishwa mwaka 2011, zinaeleza wazi kwamba misaada haifidii kushindwa kuheshimu haki za watu.

Kwa hiyo anzeni mtoni. Chukueni sampuli ya maji upande wa juu wa mto, kabla ya bomba la majitaka, na nyingine upande wa chini, pale maji yanapokuwa yameshachanganyika. Ile ya juu ndiyo inayoonyesha mto ulivyo kabla ya kufika kwenu. Bila hiyo mtabishana milele. Pimeni asidi, joto, oksijeni na kemikali zile mnazozitumia hasa. Rudieni wakati wa kiangazi, maana mto ukipungua uchafu huzidi makali. Wanakijiji wachague watu wao wa kushuhudia, na majibu ya maabara yabandikwe hadharani hata yakiwa mabaya. Mkiyaficha mara moja tu, hata majibu mazuri ya baadaye hayataaminiwa.

Fungueni pia daftari la malalamiko. Kila lalamiko liwe na namba, tarehe, jina la anayelishughulikia na siku ya mwisho ya kulijibu. Mjibuji asiwe msimamizi wa uzalishaji, kwani huyo anajihukumu mwenyewe. Na asiwepo mtu wa kulazimishwa kutia saini kwamba hatakwenda mahakamani.

Kisima nacho kiangalieni. Pampu ikiharibika, nani analipia vipuri? Kama hilo halijaandikwa, kitakufa.

SWALI: Tutenge kiasi gani cha faida kwa ajili ya jamii?

JIBU: Inategemea sheria ya nchi, nyingi hazitaji kiwango. Sheria ya Kampuni ya India ya mwaka 2013 inazitaka kampuni kubwa zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida halisi ya miaka 3 iliyotangulia. Lakini shughuli za kawaida za biashara hazihesabiwi humo, na sisi tunaona ni haki iwe hivyo popote. Mtambo wa kusafisha majitaka uwekeni kwenye gharama za uzalishaji, pamoja na umeme na mishahara, wala msiuguse mfuko wa jamii kwa ajili hiyo.