Mkuu, hilo kopo la magnesiamu usilifungue hewani

Simamisha kazi kwanza, mkuu. Nimesoma bandiko lako mara mbili nikashindwa kupita kimya.

Umeandika kwamba una chenga za magnesiamu, na kuna fundi Geita atakuchongea kinu cha gololi mfano wa karasha ndogo, yaani kopo la chuma linalotikiswa likiwa na gololi ndani zinazoponda kilichomo. Unataka kuzisaga upate unga wa kuhifadhi haidrojeni, kisha unga huohuo uupitishie biogesi ya samadi ili uondoe salfa. Ukauliza uwiano wa gololi na unga, saa za kusaga, na gololi za chuma gani. Wadau wamekujibu uwiano vizuri tu, kumi kwa moja hadi ishirini kwa moja kwa uzito, sina ugomvi nao. Lakini hakuna hata mmoja aliyegusa mstari wako wa mwisho: "kila baada ya saa moja nitafungua kopo nichote kidogo nikaangalie." Ndugu yangu, hapo ndipo utakapoungulia.

Magnesiamu unayoijua wewe ni pole. Chenga za lathe zinakaa kwenye ndoo mwaka mzima na hakuna kinachotokea, kwa sababu kila kipande kimevaa ngozi nyembamba ya oksaidi inayokizuia kukutana na hewa. Kazi ya kinu cha gololi ni kuichana hiyo ngozi. Kila gololi inapotua, punje inapondwa, inapasuka, inagandana na mwenzake, inapasuka tena, na kila mpasuko unafunua chuma kipya. Ndani ya kopo lililofungwa hakuna oksijeni ya kutosha kuivika upya, kwa hiyo unga unakaa uchi ukisubiri. Ukifungua, uso wote unavaa oksaidi kwa mpigo mmoja, joto linazaliwa haraka kuliko linavyoweza kutoka, na unga unawaka wenyewe. Hauhitaji cheche wala kiberiti.

Haya sikuyasoma mahali. Nilikuwa nje nasoma shahada ya uzamili, chuo na nchi naviacha. Mtu aliyekuwa akisimamia kinu pale alikuwa na miaka mingi kazini, na sisi wanafunzi tulimsikiliza kama mzee wa familia. Sanduku la glavu, yaani kisanduku kilichozibwa unachofanyia kazi ndani yake kwa glavu zilizoshikizwa ukutani mwake, likiwa limejazwa agoni, gesi isiyoungana na chochote, lilikuwa limeshikwa na kundi lingine, tukamuuliza kama tunaweza kujaza kopo mezani na kulifunga na hewa yake. Akasema hewa iliyomo ni kidogo, haina neno. Acheni kopo lipoe usiku kucha, asubuhi fungueni kama mnavyofungua mengine. Tukafanya hivyo.

Asubuhi kopo lilikuwa baridi kabisa mkononi. Nililegeza boliti, mfuniko ukapiga mluzi. Sauti ile naikumbuka vizuri: haikuwa gesi ikitoka, ilikuwa hewa ikiingia. Unga ulikuwa umekwisha kula oksijeni ya mle ndani usiku ule, ukaacha ombwe, na mfuniko ulipolegea tu ukaivuta hewa ya chumba kwa nguvu. Kwenye ukingo, pale unga uliponata karibu na mpira wa mfuniko, kikatokea kidoa chekundu kama ncha ya sigara. Kikatambaa kuzunguka ukingo polepole, nikapata muda wa kushangaa, halafu kopo zima likawa mwanga mweupe usioweza kuutazama, na moshi mweupe ukajaa chumba.

Mwenzangu akafanya kile alichofundishwa kwa moto wa maabara. Akakimbilia mtungi wa kaboni dioksaidi, akapuliza. Mkuu, magnesiamu inayowaka inamnyang'anya kaboni dioksaidi oksijeni yake na kuacha masizi ya kaboni, kwa hiyo moto haukuzimika. Kilichotokea ni kwamba ule upepo uliurusha unga unaowaka juu ya meza yote na juu ya mkono wake. Glavu za mpira mwembamba zikayeyuka zikashikana na ngozi. Mwingine akaja na kitambaa kibichi, na maji yakigusa magnesiamu ya moto yanatoa haidrojeni, kwa hiyo tukapata moto juu ya moto. Kilichouzima mwishowe ni ndoo ya mchanga mkavu iliyokuwa imesahaulika chini ya sinki, na bahati ni kwamba ulikuwa mkavu kweli. Maabara ikafungwa, kinu kikapigwa marufuku, na kidole cha shahada cha mwenzangu hakikunji mpaka leo.

Yule msimamizi alikuwa akisaga shaba na chuma miaka yote hiyo. Magnesiamu hakuwahi. Angesema "sijui", tungesubiri zamu yetu ya sanduku. Alitoa jibu la uhakika kwa jambo asilolijua, na baadaye kwenye taarifa ikaandikwa kwamba wanafunzi hawakuwa makini. Nina hasira nalo mpaka sasa na sioni sababu ya kuificha. Nina hasira vilevile na hawa wa video wanaoonyesha unga mweusi unamiminwa mezani huku muziki unapiga, bila kusema ule unga umetoka wapi na umepitia nini. Hata makala za kitaalamu hazina huruma na msomaji mpya. Zinaandika kwa ufupi kwamba sampuli zilisagwa na kushughulikiwa chini ya agoni, zinahamia kwenye grafu. Anayejua anaelewa kwamba sentensi hiyo fupi imebeba sanduku la glavu ambalo oksijeni na unyevu wake haufiki sehemu moja kwa milioni, kopo lililojazwa ndani yake, likafungwa ndani yake, likafunguliwa ndani yake, na sampuli ikachotwa ndani yake. Asiyejua anadhani ni agoni ya kupuliza tu.

Kwa hiyo kopo la magnesiamu linajazwa, linafungwa na kufunguliwa ndani ya agoni. Hata kuchota kijiko. Hata kusafisha gololi, kwa sababu unga unaobaki kwenye nyuzi za mfuniko ndio unaoanza. Naitrojeni isikudanganye kwa bei yake: magnesiamu ya moto inaungana nayo ikawa naitraidi, na ukiiosha kwa maji inakupa amonia. Kama hufiki kwenye sanduku la glavu, magnesiamu usiisage, siyo kidogo, siyo kwa majaribio. Tafuta chuo chenye sanduku, omba zamu, na ikibidi kusubiri subiri. Na kabla ya yote mchanga mkavu au chumvi kavu iwe karibu, au mtungi wa unga uliotengenezwa kwa moto wa metali. Mtungi wa kawaida ulioko ukutani si wa kazi hii.

Najua kwa nini magnesiamu inakuvutia. Haidraidi yake, yaani magnesiamu iliyoungana na haidrojeni, inabeba haidrojeni asilimia 7.6 ya uzito, na kwa ujazo inafika kilo kama 110 kwenye mita moja ya ujazo, wakati haidrojeni iliyoyeyushwa kuwa kimiminika ni kilo 71 hivi. Lakini wanaokutajia 7.6 hawakutajii joto. Ili iachie gesi kwa shinikizo la kawaida unahitaji karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Kusaga kunaifanya imeze na kuachia haraka, na watafiti wa Kijerumani wa kituo cha Geesthacht mwaka 2003 walionyesha kwamba chembe ndogo tu ya oksaidi ya niobiamu inaiharakisha mno, lakini hilo joto la kuiachisha haliondoki kwa kusaga. Utalitoa wapi shambani? Aloi ya lanthanamu na nikeli inabeba asilimia 1.4 tu, ila inafanya kazi kwenye joto la chumba, na watu wanaipuuza kwa sababu namba yake ni ndogo.

Kuhusu salfa, wazo la unga mmoja kufanya kazi mbili liache kabisa. Haidrojeni salfaidi iliyomo kwenye biogesi inashika uso wa chuma na haiachii. Inaua zile sehemu ambazo haidrojeni ilitakiwa kuingilia. Unga ulionyonya salfa umekufa kwa kazi ya hifadhi. Halafu biogesi ni methani na kaboni dioksaidi, haidraidi haihifadhi methani, kwa hiyo hata mnyororo wenyewe wa mradi wako unahitaji hatua ya katikati ambayo hujaitaja, ya kutoa haidrojeni kwenye methani. Viwandani gesi huondolewa salfa kwa oksaidi ya zinki kwenye nyuzi 350 hadi 400. Kwa samadi ya ng'ombe wako hufiki huko: jaza bomba steelwool au chenga za chuma zilizoota kutu, ziwe na unyevunyevu kidogo, pitisha gesi. Kutu inageuka salfaidi ya chuma. Hakuna kusaga chochote. Ukizitoa zikiwa zimechoka zimwagie maji na usizirundike, maana nazo zikikutana na hewa hupata moto zenyewe.

Sasa nijibu mambo mawili kabla hujamlipa fundi. Hicho kinu kina valvu kwenye mfuniko au ni boliti tupu? Na hizo chenga ni magnesiamu kavu, au ni za karakana zenye mafuta na maji ya lathe? Weka picha ya mfuniko hapa, na kama fundi ameshaanza kuuchonga mpigie simu leo asimame.