Kabla hujaandika kwamba wanyama wawili wanashindana

Wanaoanza ikolojia huona spishi mbili zinazofanana zikiishi pamoja, wakakuta zinakula vitu tofauti kidogo, basi wakaandika kwamba zimegawana nafasi ili kuepuka ushindani. Sentensi hiyo naisahihisha kila mara. Tofauti peke yake haithibitishi ushindani. Huenda kila mmoja ana umbile lake na hawajawahi kugombania chochote.

Soma kwanza kazi ya mwanaikolojia Joseph Connell ya mwaka 1961. Kwenye miamba ya pwani ya Uskoti kuna wanyama wadogo wenye magamba, wa aina mbili, Chthamalus na Balanus, wanaojibandika mahali pamoja maisha yao yote. Chthamalus waliokomaa huonekana juu, Balanus chini. Ungedhani kila mmoja anapenda kwake. Connell akawaondoa Balanus waliokuwa wakiwagusa Chthamalus, akafuatilia mmoja mmoja, na Chthamalus wakaishi vizuri tu huko chini. Kumbe Balanus, ambao hukua haraka, ndio waliokuwa wakiwafunika, wakijipenyeza chini ya magamba yao na kuwang'oa, au kuwabana mpaka wafe. Huko juu mambo ni mengine: Balanus hawastahimili ukavu maji yanapokupwa. Kwa hiyo tenganisha daima mahali mnyama anapoweza kuishi na mahali anapoachiwa kuishi. Ukilishika hilo, mengi katika somo hili yatakunyookea.

Usidhani pia kwamba wanaokula nyasi zilezile lazima wapunguziane. Serengeti, punda milia hula mabua marefu magumu, nyumbu hufuata, na swala tomi hupendelea palipokwisha liwa na nyumbu, kwa kuwa nyasi zinachipua upya. Hapo nyumbu anamwandalia swala malisho.

Bila shaka si kila spishi utaweza kuiondoa kwa mkono. Tafuta basi kipindi ambacho mshindani hakuwepo. Wanabiolojia Peter na Rosemary Grant walikipata katika kisiwa cha Daphne Major, kwenye visiwa vya Galápagos katika Bahari ya Pasifiki. Ukame wa 1977 uliwapendelea ndege wala mbegu wa spishi Geospiza fortis wenye midomo mikubwa, kwani mbegu zilizobaki zilikuwa kubwa na ngumu. Mwishoni mwa 1982 Geospiza magnirostris, ndege mkubwa zaidi, akaanza kuzaliana kisiwani. Ukame wa 2004 ulipokuja, magnirostris walizimaliza mbegu kubwa, na safari hii fortis waliosalia zaidi ni wenye midomo midogo. Ukipata takwimu zao, ziweke hizo kame mbili ubavuni kwa ubavu kabla ya kutazama kitu kingine chochote.