Maswali ya wafuga nyuki: kabla hujawasha moto

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina ndoo 12 za asali, kila moja lita 20. Tano zinatoa povu na zinanuka kama pombe, mfuniko mmoja umeshafumuka. Jirani kanishauri niichemshe yote. Nichemshe kwa muda gani?
Mfuga nyuki, Sikonge, Tabora

JIBU: Ndugu yetu, kuni ziweke kando kwanza. Umeshachagua dawa na ugonjwa hujaupima. Katika barua yako kilichotushtua si hizo ndoo 5, ni zile 7 zilizotulia. Zimepishana wapi na zile 5?

Chukua daftari, kila ndoo iwe na mstari wake: ilirinwa tarehe ngapi, mzinga wa magome au wa mbao, masega yalikuwa yamezibwa nta kiasi gani, ndoo ilikuwa kavu au ilisuuzwa asubuhi ileile, mfuniko unabana, imekaa wapi. Usiandike "asali mbaya". Andika povu, harufu, na siku vilipoanza. Usichokumbuka kiache wazi. Ukijaza kwa kubahatisha, daftari litakudanganya.

Halafu pima unyevu, maana asali yenye maji mengi ndiyo huchacha. Tumia rifraktomita ya asali, kifaa kinachosoma kiasi cha maji kwenye tone. Kwanza isawazishe ili isome sawasawa, kwa mafuta yake maalumu, si kwa maji kama wengi wanavyofanya. Toa povu, na kabla hujakoroga chukua tone la juu na tone la chini ya ndoo, upime kila moja peke yake. Juu kukiwa na maji mengi kuliko chini, shuku mfuniko: asali hunyonya unyevu wa hewani. Au imeanza kuganda, na majimaji yamebaki juu. Juu na chini vikilingana na vyote viko zaidi ya asilimia 20, asali ilirinwa mbichi, masega hayajazibwa, au maji yaliingia wakati wa kukamua. Asilimia 18 kushuka chini, usiwe na wasiwasi mkubwa.

Sasa andika tatizo kwa sentensi moja, kwa mfano: "Ndoo 5 zilizorinwa mvua zilipoanza zina unyevu wa 22 juu na chini, ndoo 7 za Juni zina 18." Katika sentensi hiyo moto haujatajwa. Ukiandika "tatizo langu ni kukosa sufuria kubwa", hapo umeandika dawa ukaiita ugonjwa.

Kuchemsha kunaua chachu, lakini kwenye sufuria iliyofunikwa maji yanabaki palepale, na harufu nzuri ya asali inapotea. Ndoo 5 zitenge, wauzie wapika wanzuki, pombe ya asali. Usizichanganye na zile 7 ili "zisawazike", utapoteza zote 12. Na msimu ujao urine sega lililozibwa angalau robo tatu.

SWALI: Asali yangu imeganda, mteja anadai nimetia sukari. Nifanyeje?
Muuza asali, Urambo

JIBU: Hapa asali haina kosa. Glukozi, sukari ya asili iliyomo ndani yake, ikizidi, huganda yenyewe, hasa kwenye baridi ya Juni na Julai. Weka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, saa kadhaa, ukiyabadilisha yakipoa. Ikilainika, mwonyeshe mteja mwenyewe. Kama bado ana shaka na sukari, hilo ni swali jingine, na linajibiwa maabara, si kwa kuchovya njiti ya kiberiti kwenye asali na kuiwasha.