Hisani ijenge, mshahara wa nesi utoke Hazina

Swali la wiki hii linauliza: serikali na wafadhili wakipunguza fedha za afya, je, hisani inaweza kuzibeba zahanati za vijijini? Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati huku Moshi Vijijini. Jibu langu: kuzijenga, inaweza. Kuziendesha, hapana.

Tazameni KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi. Ilifunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za Good Samaritan Foundation, na fedha nyingi zilichangishwa ng'ambo. Hakuna mtu wa Kilimanjaro asiyejua faida yake. Lakini sehemu kubwa ya watumishi wa pale wanalipwa na serikali. Ondoa mishahara hiyo uone kama yatabaki mengine zaidi ya majengo.

Huku uchagani msimu wa kutoa ni Desemba. Magari yanapanda kutoka Dar, kikao cha maendeleo kinaitishwa, ahadi zinatangazwa kwa kipaza sauti. Kwa njia hiyo tumepata mabati, tumepata kitanda cha kujifungulia, na mwaka mmoja tukaletewa mashine ya ultrasaundi kutoka Marekani. Ilikuwa ya volti 110. Ikatafutwa transfoma, ikapatikana, ndipo ikaonekana kwamba zahanati haina hata mtumishi mmoja aliyesomea kuitumia. Imefunikwa kitenge mpaka leo, na kibandiko chenye jina la mfadhili kinasomeka vizuri kabisa. Sisemi kwa kejeli (labda kidogo). Ila sijasikia mtu akisimama kutangaza kwamba atalipia umeme wa Luku, glavu, jiki ya kusafishia chumba cha kujifungulia, au mafuta ya pikipiki inayopeleka sampuli maabara. Vitu hivyo havikatiwi utepe.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na baadaye shirika lake la misaada, USAID, likafungwa, kwetu halikudondoka bati hata moja. Zilizokatika ni posho za WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, wale waliokuwa wakiwafuata majumbani wagonjwa walioacha ARV, dawa za kufubaza VVU. Dawa zilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kupanda mlima kumuuliza mama fulani mbona hakuja kliniki, na kumuuliza kwa siri, jirani asijue.

Kazi ya namna hiyo haiwezi kungoja Krismasi. Mwaka 2001, kule Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya, na sisi bado hatujafika. Kila tunapomshangilia mfadhili kwa kuziba pengo, tunampunguzia mbunge wetu sababu ya kuliuliza bungeni.

Sasa wenye nacho wafanye nini? Wazikatie bima kaya zisizojiweza, maana fedha hizo huirudia zahanati mgonjwa anapotibiwa. Wamsomeshe kijana wa hapa hapa awe mtaalamu wa maabara, lakini nafasi ya ajira yake waidai serikalini mapema, kabla hajamaliza chuo.

Desemba hii nitaomba mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, atusomee matumizi ya mwezi kabla hajashika mtu kipaza sauti. Mwenye moyo achague mstari mmoja, aulipie miaka mitatu. Akitaka jina lake lionekane, tutamwandikia hata kwenye ndoo ya jiki.